Shajara ya mradi: kuitoa nyumba ya Mjimwema kwenye bei ya kiwanja

Januari, wiki ya kwanza

Ndugu tumekubaliana kuuza nyumba ya marehemu baba hapa Mjimwema, Kigamboni. Mama amehamia Tabata kwa dada mkubwa, nyumba imebaki na mlinzi, na usimamizi wa kazi nimekabidhiwa mimi. Naandika kila hatua ili wanaochangia wajue fedha yao ilikokwenda, na ili mwenye nyumba ya umri huu apate pa kulinganishia.

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na baraza ya mbele, juu ya kiwanja kilichopimwa cha mita za mraba 800. Hati ipo, na mama ndiye msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Baba alijenga kidogo kidogo kwa mshahara wake, akapaua mwaka 1998.

Dalali amekuja. Hakuingia ndani. Alisimama getini, akatazama paa, akatazama ukuta wa baraza, kisha akaniambia, "Dada yangu, hapa mteja atakupa bei ya kiwanja." Kwa mtaa wetu hiyo ni kama milioni 70. Mteja aliyemleta akataja milioni 64. Nilipomuuliza hizo sita zimeenda wapi alijibu bila kusita: gharama ya kubomoa na kusomba kifusi.

Nyumba tatu kutoka kwetu ipo nyingine iliyojengwa na fundi yuleyule, ramani karibu ileile, miaka ileile. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, na mwaka jana aliiuza kwa milioni 118. Udongo ni ule ule, barabara ni ile ile, upepo wa bahari ni ule ule. Tofauti ya milioni 54 imekaa kwenye jengo na namna lilivyotunzwa. Mradi huu ni wa kuifuata tofauti hiyo, kwa matumizi ambayo hayataimeza yote.

Januari, wiki ya tatu

Nimekaa na mthamini aliyesajiliwa anieleze anavyofikia thamani kabla sijanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Kwa nyumba ya makazi kama hii anapima ukubwa wa jengo, anauliza leo lingejengwa upya kwa shilingi ngapi kwa mita ya mraba, anatoa uchakavu, kisha anajumlisha ardhi. Uchakavu hausomwi kwenye mwaka wa ujenzi peke yake. Anaangalia paa, dari, kuta, sakafu, milango, madirisha, mabomba na umeme, kila kimoja kwa hali yake. Nyumba mbili za mwaka mmoja zinaweza kuachana mbali sana kwenye mstari huo mmoja wa hesabu.

Ardhi yetu imepanda yenyewe bila sisi kuinua jembe. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, Kigamboni iliacha kuwa mahali pa kusubiri kivuko, na viwanja vikafuata. Hapo ndipo pana mtego kwa wenye nyumba za zamani. Kiwanja kikipanda jengo likizidi kuchoka, mtu anaona jumla imeongezeka na kudhani nyumba yake inapanda bei. Kinachopanda ni kilicho chini ya msingi.

Na kuchoka kwa majengo ya huku kuna historia yake. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na ujenzi katika eneo la mpango ukawekewa zuio. Miaka ikapita watu wakisubiri fidia ambayo wengi hawakuiona. Baba alikuwa ameshaanza kuweka akiba ya mabati mapya. Akaiacha. Nani angebadilisha paa la nyumba aliyoambiwa itavunjwa? Ukizunguka mitaa yetu utaziona nyumba nyingi zenye pengo hilohilo: zilijengwa vizuri, zikatunzwa miaka kumi ya mwanzo, halafu mkono ukasimama. Ninaposikia mtu akisema watu wa Kigamboni hawajui kutunza nyumba, hilo linaniuma.

Januari, mwishoni

Fundi mwashi mzee, aliyewahi kufanya kazi na baba, amekagua. Jambo la kwanza aliloomba ni ngazi. Alipanda darini, akakaa huko muda mrefu na tochi, akashuka na kipande cha mbao alichokivunja kwa vidole.

Kila tulichokiona nimekiandika upande mmoja kati ya pande mbili za daftari. Upande wa kwanza ni vitu vinavyoendelea kula nyumba hata tukilala: paa linalovuja, kenchi (mbao zinazobeba paa) mbili zilizoliwa na mchwa juu ya bafu, unyevu unaopanda kwenye kuta za nje, nondo zilizoota kutu kwenye lenta ya baraza (boriti ya zege inayobeba paa lake), chemba ya maji taka inayovuja karibu na msingi. Upande wa pili ni vinavyoudhi macho: rangi, dari iliyochakaa, sakafu iliyofifia, jiko la kizamani, madirisha ya mbao.

Kaka yangu wa Mwanza amepiga simu akitaka tuanze na vigae vya sebule na dari ya jipsamu yenye taa, maana "mteja akiingia ndipo anapopenda." Nimemjibu kwamba mteja wa kwanza hakuingia kabisa.

Februari: paa

Kazi kubwa na ghali kuliko zote. Inabidi iishe kabla ya masika.

Mabati ya 1998 yalikuwa geji 30. Namba ya geji ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, na hapa tulipo hewa ya chumvi haikawii. Kutu ilianzia kwenye matundu ya misumari na sehemu bati linapolaliana, ambako maji ya chumvi yanakwama bila kukauka. Kofia ya juu, yaani bati linalofunika kilele cha paa, ilikuwa imefunguka upande wa kusini, na maji yalikuwa yakishukia pale kila mvua ya vuli, yakifuata kenchi hadi kwenye ukuta wa bafu. Kwa hiyo madoa ya bafuni, ambayo sote tuliamini ni ya bomba, asili yake ilikuwa mita nne mbali na juu.

Tulijadili kubadilisha nusu tu. Fundi alikataa, nami nikakubaliana naye: paa la rangi mbili linamwambia mnunuzi hadithi mbaya kuliko paa bovu, kwa sababu linamwonyesha familia iliyoishiwa fedha katikati ya kazi, na ataanza kujiuliza ni wapi pengine tuliishia njiani. Tumeweka geji 28 ya rangi nyumba nzima. Kenchi zilizooza zimetolewa zote, hazikugongewa kiraka, na mbao mpya zimetiwa dawa ya mchwa kabla ya kupanda. Kabla dari haijafungwa nimepiga picha kila kona.

Kitu kidogo nilichokipigania ni gata, mfereji wa kupokea maji kwenye ukingo wa paa. Nyumba hii haikuwahi kuwa nayo. Kwa zaidi ya miaka ishirini maji yote ya paa yamekuwa yakidondoka kwenye miguu ya kuta, yakichimba mfereji kando ya msingi na kurusha matope juu ya lipu. Gata na bomba la kupeleka maji kwenye simtanki limegharimu sehemu ndogo ya fedha ya paa, na naamini kwa shilingi moja iliyotumika hakuna kitu chochote katika mradi huu kitakachoilinda nyumba zaidi. Kigamboni maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, hivyo maji ya mvua nayo ni faida kwa mnunuzi.

Paa lote pamoja na gata: milioni 9.8.

Machi: unyevu

Kuta za nje, kuanzia sakafuni hadi karibu usawa wa kiuno, zilikuwa zikimenya rangi na kutoa unga mweupe. Wakati fulani ilipakwa rangi ya mafuta ili kuficha. Rangi ya mafuta ikafunga maji ndani, lipu ikatuna na kuanguka vipande. Fundi rangi mmoja aliyepita alitaka kutuuzia dawa ya fangasi na kupaka juu yake.

Chanzo tulikipata kwa jembe. Tulipochimba kando ya ukuta wa nyuma tulikuta udongo wa nje uko juu kuliko jamvi (sakafu ya zege) la ndani. Miaka yote hiyo kila aliyemwaga kifusi, kila aliyesawazisha uwanja, kila mvua iliyoleta mchanga iliinua ardhi kidogo, hadi ikavuka ile karatasi nzito ya nailoni ambayo fundi aliilaza juu ya msingi kuzuia maji. Karatasi ilikuwepo na ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yakiiruka. Tofali la saruji huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na yakifika juu yanakauka na kuacha chumvi, na ile chumvi ikikua ndani ya lipu inaisukuma hadi ibanduke.

Basi tumeshusha udongo kuzunguka nyumba nzima hadi chini ya usawa wa karatasi, tukamwaga njia ya zege yenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Lipu iliyoharibika imegongwa yote, si madoa tu, na matofali yameachwa wazi yapumue.

Hapo dalali alikasirika. Alikuwa na mteja wa Jumamosi na alitaka tupige lipu na rangi haraka. "Dada, mteja hataki kuona matofali." Nimemwomba amwahirishe. Ukuta uliofungwa ukiwa na maji utamenya tena baada ya msimu mmoja, na tutakuwa tumemuuzia mtu ugonjwa. Zaidi ya hapo, wanunuzi wenyewe wanaujua mchezo huu. Nimewatazama wanavyotembea ndani ya nyumba za watu: wanapitisha kiganja ukutani chini ya dirisha, wanafungua kabati na kunusa. Wakiona rangi mpya imeishia usawa wa kiuno tu, hawasemi kitu, ila bei wanayotaja inasema.

Machi, mwishoni: lenta ya baraza

Lenta ilikuwa na ufa mrefu chini yake, sambamba na nondo, na vipande vya zege vilishaanza kudondoka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokitafuna, kwa hiyo nondo ikishika kutu ndani ya zege inalipasua kwa nguvu yake yenyewe. Ya kwetu ilikuwa na maradhi mawili: zege la kuifunika nondo lilikuwa jembamba mno, pengine sentimita moja, na mchanga ulikuwa na chembe za kombe, dalili kwamba ulichotwa karibu na ufuo.

Tumeinua mirunda (nguzo za miti) kushikilia paa la baraza, tumegonga zege lote lililolegea, tumesugua nondo kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, na pale zilipokonda tumeunga nyingine mpya za milimita 12 kwa mapishano marefu. Zege ni la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), saruji ya daraja la nguvu la 42.5, mchanga wa mto uliooshwa. Mirunda imebaki chini ya lenta mwezi mzima, na saidia fundi amekuwa akiimwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza. Picha za nondo zikiwa wazi ninazo, pamoja na rula iliyolazwa juu yake.

Nimetunza picha hizo kwa sababu ya jambo ninaloliona kwa wateja. Tangu jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, maswali yamebadilika. Hata mtu anayenunua nyumba ya chini tu anauliza nani alijenga, nondo za ngapi, nani alisimamia. Wazee wanakumbuka lile la Kisutu la Machi 2013, lililoua watu 36. Woga huo ni halali kabisa, na hauondoki kwa maneno ya muuzaji.

Aprili: masika

Hakuna kazi ya nje. Nimekuja kila baada ya mvua kubwa kuangalia. Paa kavu. Darini kavu. Maji yanateremka kwenye njia ya zege na kutoka.

Kazi ya mwezi huu ni nyufa. Zipo zile nyembamba kama nywele zinazozagaa juu ya lipu, hizo ni za lipu iliyokauka haraka na hazina neno. Zipo mbili zilizonisumbua, zinazopanda kwa umbo la ngazi kutoka kona ya dirisha la chumba cha nyuma, upande uleule wa chemba inayovuja. Ufa wa namna hiyo huenda umetulia miaka mingi, au msingi bado unashuka. Kuuziba na kupaka rangi hakujibu swali hilo. Fundi amebandika juu ya kila ufa viraka vidogo vya jasi, akaandika tarehe juu yake. Jasi ni kavu na haina uvumilivu: ukuta ukisogea hata kidogo, inapasuka.

Mei

Viraka vyote vizima. Mvua kubwa zimepita, udongo umelowa hadi chini, na ukuta haujasogea. Tumeunganisha nyufa kwa vipande vya nondo nyembamba vilivyolazwa kwenye maungio ya matofali, kisha lipu. Viraka viwili nimeviacha kwa makusudi mahali pasipoonekana sana, ili fundi wa mnunuzi aje asome tarehe mwenyewe.

Matofali ya kuta yamekauka. Lipu mpya imepigwa.

Unyevu, lipu na njia ya zege: milioni 3.4. Lenta: milioni 1.6.

Juni: chemba, maji, umeme

Haraka haraka. Chemba iliyokuwa ikivuja imejengwa upya mbali na msingi, shimo la maji taka limenyonywa na mfuniko kubadilishwa, mabomba ya chuma yaliyooza ndani ya ukuta wa bafu yametolewa: milioni 1.9. Fundi umeme mwenye leseni amebadilisha nyaya zote za zamani, ameweka waya wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ambao haukuwepo, na swichi kuu inayokata yenyewe: milioni 2.1. Cheti chake kimeingia kwenye faili.

Julai: rangi, na tulivyoviacha

Kipupwe, hewa kavu, wakati mzuri wa kupaka. Ndani na nje, rangi ya maji, rangi za kawaida zisizomlazimisha mtu: milioni 2.7. Mengineyo, yaani vitasa, vioo, nyavu za mbu na usafiri wa vifaa, milioni 1.1.

Kaka amekuja likizo na tumebishana tena juu ya vigae na jiko la kisasa. Msimamo wangu ni kwamba kila mtaa una dari yake ya bei. Mwalimu mstaafu aliuza 118 akiwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta. Tukiweka jiko la milioni 15 hapa, mnunuzi atalisifia na kutoa bei ya mtaa, kisha atalibomoa aweke analolipenda yeye. Ladha ya mtu huwezi kuikisia. Paa kavu kila mtu analitaka.

Mama aliyamaliza mabishano yetu. "Mwanangu, baba yako sakafu ile aliisugua mwenyewe. Iachieni anayekuja aamue." Tumeisafisha na kuipaka nta.

Jumla ya matumizi yote: milioni 22.6.

Agosti: mthamini na wateja

Mthamini amerudi. Ardhi ameiweka palepale. Kilichobadilika ni mstari wa uchakavu, na alieleza wazi kwamba picha za darini na za lenta zimemsaidia, kwa sababu asichokiona analazimika kukikadiria kwa tahadhari. Benki ya mnunuzi nayo itaegemea ripoti ya namna hiyo. Nyumba iliyoandikwa ina hali mbaya hupata mkopo mdogo au hukosa kabisa, na hapo wateja wanabaki wale wenye fedha taslimu tu, ambao ni wachache na wanalijua hilo wanapotaja bei.

Wateja wanne wa maana wamekuja. Wa tatu, mama mmoja mfanyakazi wa bandarini, alikuja na fundi wake. Nilimpa fundi ngazi kabla hajaiomba. Alipanda darini, akagonga lenta kwa nyundo, akasoma tarehe kwenye jasi, akafunua chemba. Kisha wakakaa barazani na faili: risiti, picha, cheti cha umeme, jina la dawa ya mbao na mwezi iliyopakwa.

Alipotaja bei alianza na 100. Kilichonishangaza ni alivyokata. Yule wa Januari alikata kwa jumla, nyumba nzima ikawa kifusi. Huyu alikata kwa orodha: madirisha ya mbao atabadilisha, kwa hiyo kiasi hiki, jiko, kiasi hiki, geti lina kutu, kiasi hiki. Kila alichokitaja kilikuwa na gharama inayojulikana na nilikuwa na la kumjibu. Tumekubaliana milioni 108.

Hesabu kwa ndugu: 108 ukitoa 64 ni milioni 44. Ukitoa matumizi ya 22.6, inabaki 21.4. Sehemu ya hiyo lazima tukiri imetokana na miezi iliyopita na soko lenyewe, na mtu asichukue namba zetu kama kanuni ya mtaa wake.

Nilimwomba fundi mzee anikadirie gharama ya matunzo ambayo yangefanywa tangu 2008: kubana misumari na kupaka mabati rangi ya kuzuia kutu kila baada ya miaka michache, gata, kuondoa udongo ukutani kila baada ya masika, kunyunyiza dawa ya mchwa, kuziba ufa wa lenta ulipokuwa bado mwembamba. Kwa bei za leo, kwa miaka yote hiyo, alifika kama milioni 7, na paa lingekuwa bado linahitaji kubadilishwa siku moja, ila kenchi na lenta zisingeguswa. Nimemsomea mama hesabu hiyo. Akaniuliza kama nyumba ya Tabata ya dada ina gata.

Kazi iliyobaki

Mkataba wa mauziano kwa wakili, wiki ijayo. Tathmini ya kodi na ada za uhamisho wa hati. Kusomba mirunda na mbao zilizobaki. Kumkabidhi mnunuzi faili halisi, nami nibaki na nakala. Jumamosi fundi mzee anakwenda Tabata na ngazi.